Kilo Tisa za Mama wa Kilo 92: Chakula kama Tiba ya Ini Lenye Mafuta

Wazee wangu, kina mama na kina baba mlioacha shughuli zenu asubuhi hii, na ninyi wenzangu maafisa lishe na wauguzi: shikamooni wanaostahili shikamoo, na waliobaki habari za asubuhi.

Nianze na karatasi ambayo wengi wenu mnayo nyumbani. Ni majibu ya ultrasaundi, na mahali fulani yameandikwa kwamba ini lina mafuta. Mara nyingi hukwenda kwa ajili ya ini. Ulikwenda kwa maumivu ya tumbo, au kwa presha, na hili likajitokeza pembeni. Ukaambiwa upunguze mafuta na ufanye mazoezi, foleni ikasogea. Ukaacha nyama ya kukaanga, ukaanza kunywa glasi ya juisi ya machungwa kila asubuhi, na jirani akakuletea chupa ya dawa ya kusafisha ini. Mwaka umepita, uzito ni uleule na ini ni lilelile. Hukuwa mvivu. Hukuambiwa tu kwamba chakula katika ugonjwa huu kina dozi kama kidonge, na kwamba dozi hiyo inasomwa kwenye mizani.

Ini la mtu mzima lina uzito wa kilo moja na nusu hivi. Tunasema lina mafuta pale ambapo zaidi ya asilimia 5 ya seli zake zimebeba matone ya mafuta. Kwa wengine hali inaishia hapo kwa miaka mingi. Kwa wengine seli zinavimba na kufa, makovu yanaanza, na makovu yakizidi ini linasinyaa. Hapo saratani ya ini nayo inakuwa karibu. Haliumi. Hata kipimo cha vimeng'enya vya ini kinaweza kurudi kikiwa cha kawaida huku makovu yanaendelea. Mwaka 2023 vyama vya madaktari wa ini vya nchi mbalimbali viliubadili jina ugonjwa huu. Zamani uliitwa ini lenye mafuta "lisilo la pombe", yaani ulitajwa kwa kile ambacho sicho. Jina jipya linataja chanzo: hitilafu katika jinsi mwili unavyochakata chakula, hitilafu ileile inayoleta kisukari cha ukubwani, presha na kiuno kipana.

Sasa mafuta hayo yanatoka wapi? Hapa ndipo ushauri mwingi unapokosea, kwa hiyo mniruhusu nikae kidogo. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani waliwapa wagonjwa wachache wanene chakula chenye alama maalumu, kisha wakafuatilia mafuta yaliyokutwa ndani ya ini. Kati ya kila sehemu 100 za mafuta hayo, 59 zilitoka kwenye akiba ya mwili wenyewe, yaani kitambi na nyama laini tunazozibeba. Sehemu 26 ini lilizitengeneza lenyewe kutokana na sukari na wanga. Zilizotoka moja kwa moja kwenye mafuta ya chakulani zilikuwa 15 tu.

Chukueni mfano wa ghala. Mtu mwembamba akila, insulini, ile homoni inayotolewa na kongosho, inakuja na kufunga mlango wa ghala la mafuta: akiba isitoke, chakula kipo. Kwa mtu mnene ghala limejaa hadi mlango haufungi. Insulini inapiga hodi, mlango hauitiki, mafuta yanavuja usiku na mchana kuingia kwenye damu, na kituo cha kwanza ni ini. Kongosho likiona insulini haisikilizwi linaimwaga zaidi, na insulini hiyo nyingi inaliamuru ini ligeuze wanga kuwa mafuta. Kwa hiyo ini linajazwa kwa milango miwili kwa wakati mmoja. Aliyeacha nyama ya kukaanga akabaki na mlima wa ugali na soda mbili ameziba ufa mdogo kuliko yote.

Soda ina kesi yake ya pekee. Sukari ya mezani ni nusu glukosi, nusu fruktosi. Glukosi hugawanwa na mwili mzima: ubongo unachukua, misuli inachukua. Fruktosi sehemu kubwa inaishia kwenye ini, na ikija nyingi kwa mkupuo ini linaigeuza mafuta. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2019, wavulana 40 wenye ini la mafuta walifuatiliwa kwa wiki 8. Nusu yao waliondolewa karibu sukari yote ya kuongeza, pamoja na juisi. Mafuta ya ini yao yalishuka kutoka asilimia 25 hadi 17. Waliobaki na chakula chao cha kawaida walitoka 21 wakafika 20.

Aina ya mafuta nayo ina uzito wake. Huko Ufini, watu 38 wenye uzito uliozidi walilishwa kalori 1,000 za ziada kila siku kwa wiki 3. Waliopewa ziada hiyo kwa mafuta ya kuganda, kama siagi, jibini na mafuta ya nazi, mafuta ya ini yao yaliongezeka kwa asilimia 55. Waliopewa sukari, asilimia 33. Waliopewa mafuta laini, kama ya mizeituni, asilimia 15. Kalori zilikuwa sawa, ini likajibu tofauti. Na huko Uswidi mwaka 2014 vijana 39 wembamba walilishwa keki ndogondogo kwa wiki 7, kundi moja zikiwa na mafuta ya mawese, jingine mafuta ya alizeti. Wote walinenepa takriban kilo moja na nusu. Wa mawese ndio waliojaza mafuta kwenye ini.

Kwa Tanzania jambo hili halihitaji duka la bei mbaya. Alizeti inakamuliwa Singida na Dodoma, iko sokoni. Mafuta mengi ya kupimiwa kwenye ndoo yana mawese, na dalili unaiona mwenyewe: asubuhi ya baridi Mbeya au Arusha yanatia ukungu na kuganda chini ya chupa. Hayo yaache kwa wasio na tatizo. Sisemi mawese mekundu ya Kigoma ni sumu. Yana kiini cha vitamini A, na kijiko kimoja kwenye maharage mara moja kwa wiki hakitamwangusha mtu. Kinachodhuru ni kukaangia kila siku. Tui la nazi ni vivyo hivyo. Ndugu zangu wa Pwani, Tanga na Visiwani, sitawaambia muache nazi, maana hamtanisikiliza. Tui zito la kwanza libaki la siku moja kwa wiki, siku nyingine mbili tumieni tui jepesi, na siku zilizobaki mchuzi wa nyanya.

Tuje kwenye dozi. Kupunguza asilimia 5 ya uzito kunashusha mafuta ya ini. Asilimia 7 hadi 10 inatuliza uvimbe wa seli. Asilimia 10 na kuendelea ndiyo inayoanza kurudisha makovu nyuma. Watafiti wa Cuba waliwafuatilia wagonjwa 293 kwa wiki 52, wakachukua kipande cha ini mwanzoni na mwishoni. Majibu yalitoka mwaka 2015. Kwa waliopunguza asilimia 10 au zaidi, uvimbe uliisha kabisa kwa 90 kati ya kila 100, na makovu yalipungua kwa 45 kati ya kila 100. Walikuwa wachache waliofika huko, na hilo nalo niliseme wazi. Lakini matokeo hayo walipata kwa chakula na kutembea.

Tumchukue mama wa miaka 45, kilo 92, urefu sentimita 160. BMI yake, yaani uwiano wa uzito na urefu, ni karibu 36, huo ni unene wa kupindukia. Asilimia 10 yake ni kilo 9. Mwili wake, kwa kazi za nyumbani na biashara ya kukaa, unahitaji takriban kalori 2,150 kwa siku ili ubaki ulivyo. Tukitoa 650 zinabaki 1,500, na mizani itashuka nusu kilo hivi kwa wiki, wakati mwingine zaidi mwanzoni kwa sababu ya maji. Kilo 9 ni kazi ya miezi minne hadi sita. Anayekuahidi kilo 9 kwa mwezi anakupeleka pabaya, na nitaeleza ni wapi.

Kalori 1,500 zinafananaje mezani? Asubuhi: kahawa au chai ya rangi isiyo na sukari, mayai mawili ya kuchemsha, kiazi kitamu cha kuchemsha cha gramu 150, ambacho ni kipande cha ukubwa wa ngumi, na nyanya au tango. Hapo ni 270. Mchana: ugali wa gramu 70 za unga, yaani nusu ya kikombe cha mililita 250 unga ukiwa mkavu, maharage yaliyoiva gramu 150, mchicha au matembele yajaze nusu ya sahani, mafuta kijiko kimoja cha chakula kwa vyote viwili. Hapo ni 590. Chungwa moja zima, 65. Saa kumi, karanga gramu 20, ambazo ni konzi ndogo isiyojaa, 115. Usiku: samaki wa kuchoma au wa kuchemsha gramu 150, wali ulioiva gramu 130, kabichi kwa nusu kijiko cha mafuta, 460. Jumla ni 1,500, na protini inakaribia gramu 80. Protini hiyo si anasa. Uzito unaofaa kwa urefu wake ni kilo 64, na gramu 1.2 kwa kila kilo ni 77. Akishuka chini ya hapo atapunguza misuli badala ya mafuta, na misuli ndiyo inayokula sukari ya damu.

Asiye na uwezo wa samaki kila siku ale dagaa, ambao kwa bei ya protini hawana mpinzani, lakini wachemshwe kwa nyanya na limau. Dagaa akizamishwa kwenye mafuta ya kukaangia anatoka amenywa mafuta mengi kuliko alivyoingia. Kunde, choroko na dengu vinaingia mahali pa maharage bila kubadili hesabu.

Mafuta ya kupikia ndiyo kalori zinazofichika kuliko zote. Kijiko kimoja cha chakula ni kalori 120, na mkono wa mpishi ukimimina kutoka kwenye chupa hautoi kijiko kimoja, unatoa vinne. Hesabu ya haraka kwa nyumba: watu wanne, kila mmoja kijiko kimoja na nusu kwa siku, ni mililita 90. Lita moja ifike siku 11. Ikiisha siku ya nne, hakuna haja ya kuulizana nani amekula nini.

Kuhusu dona na sembe kuna jambo ambalo maafisa lishe tunalipita upesi. Tunamwambia mgonjwa ahamie dona kwa ajili ya nyuzinyuzi, na karanga kwa ajili ya mafuta mazuri. Yote ni sahihi. Lakini mahindi na karanga ndiyo makazi ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, na sumukuvu inaleta saratani ya ini, hasa kwa mwenye homa ya ini ya B. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya iliua watu 125 walioandikishwa. Mwaka 2016 ikaua watu Dodoma na Manyara. Mahindi yakikobolewa sehemu ya sumu inaondoka na pumba na kiini; kwenye dona inabaki yote. Kwa hiyo dona iwe ya mahindi unayoyajua: yaliyokaushwa juu ya turubai si ardhini, yaliyochambuliwa punje zilizooza na zilizobadilika rangi kabla ya kwenda mashineni. Karanga nunua nzima, chambua zilizosinyaa na zenye ukungu, tupa. Za kusagwa tayari sokoni huwezi kujua zilisagwa na nini. Kupika hakuiondoi sumu hii. Kama mahindi yako huyaamini, kula sembe kidogo na nyuzinyuzi zitafute kwenye maharage na mboga. Na kila mwenye ini la mafuta apime homa ya ini ya B, maana magonjwa mawili kwenye ini moja hayangojani.

Vinywaji. Soda ya mililita 500 ina karibu gramu 53 za sukari, vijiko 13 vya chai. Vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko vitatu kila kimoja ni gramu 36. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2015 sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ingekuwa bora chini ya 5, yaani takriban gramu 25. Kwa mwenye ini la mafuta tunalenga ziro kwenye vinywaji. Usikate ghafla kama hutaweza. Punguza nusu kijiko kila wiki, na aliyekuwa kwenye vijiko vitatu atafika ziro baada ya wiki sita akiwa ameshazoea. Juisi ya kukamua haina msamaha kwa sababu ni ya asili. Machungwa manne yanaingia kwenye glasi moja, sukari inabaki, nyuzinyuzi zinabaki kwenye chujio. Hakuna anayekaa chini akala machungwa manne kwa dakika moja. Juisi ya miwa ndiyo usiseme.

Kahawa, kwa upande mwingine, ina habari njema. Wanaokunywa vikombe vitatu au zaidi kwa siku wameonekana kuwa na makovu machache ya ini katika tafiti nyingi za kufuatilia watu. Si ushahidi kamili kwamba kahawa ndiyo sababu, ila haina madhara kwa wengi. Kahawa chungu ya kibarazani inafaa sana. Tatizo ni kashata inayokaa pembeni yake.

Pombe: bia moja ya nusu lita yenye asilimia 5 ina gramu 20 za kilevi na kalori zaidi ya 200. Mwenye makovu aache kabisa. Asiye na makovu, kila chupa anayoiacha ni faida kwa ini na kwa mizani.

Sasa tuseme yanayoharibika, maana mpango unaonekana rahisi ukiwa kwenye karatasi.

La kwanza ni sinia na sufuria moja. Huwezi kupima chakula unachokula kwa mkono pamoja na watu sita. Hakuna haja ya kujitenga na familia: pakua sahani yako pembeni kabla sinia halijashuka, kisha keti nao. Na anayepika ahusishwe. Mume akija kliniki peke yake, nasi tukamfundisha yeye tu, tumefundisha mtu asiyegusa mwiko.

La pili ni maneno ya watu. Hapa kwetu kunenepa huitwa kupendeza, na kukonda huulizwa "unaumwa nini?" kwa sauti ya chini inayomaanisha ugonjwa mmoja unaojulikana. Kina mama wengi huacha mpango wakifika kilo ya tano, siyo kwa njaa, kwa maneno. Mwambie mtu mmoja au wawili wa nyumbani mapema kwamba ni tiba ya ini na ina lengo la kilo kadhaa, wao wakujibie.

La tatu ni haraka. Anayeshuka zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki, kwa wiki nyingi mfululizo, anajiweka kwenye hatari ya mawe ya nyongo. Mafuta yanapoyeyuka kwa kasi ini linamwaga kolesteroli nyingi kwenye nyongo, na kifuko cha nyongo kisichopata chakula chenye mafuta hakijikunji kuitoa, kwa hiyo inatulia na kuganda kuwa mawe. Ndiyo maana hata kwenye kalori 1,500 nimeacha mafuta mchana na usiku. Ipo milo ya kalori 800 hivi kwa siku, na inafanya kazi: huko Uingereza watu wenye kisukari waliokula kalori 600 tu, mafuta ya ini yao yalishuka kwa asilimia 30 ndani ya siku 7. Lakini hiyo ni tiba ya kusimamiwa na daktari, yenye vipimo vya damu na vyakula vilivyoandaliwa kwa ajili yake. Si ya kujipangia.

La nne ni kusimama kwa mizani. Mwezi wa nne au wa tano kilo hazishuki tena, mtu anasema mwili umekataa. Haujakataa. Mwili mdogo unahitaji kidogo: kwa kila kilo 10 zilizoondoka, mahitaji ya siku yanapungua kwa kalori kama 140. Tena vijiko vimeanza kujaa. Rudi kwenye kupima kila kitu kwa siku saba, na utaikuta sababu kabla wiki haijaisha. Mara nyingi ni mafuta, karanga au vitafunwa vya jioni. Mizani ikiwa bado imesimama, ongeza mwendo kabla ya kupunguza chakula zaidi.

La tano ni chupa za kusafisha ini. Hakuna chakula wala majani yanayosafisha mafuta ya ini kwa kuyasugua. Kuna mitishamba, na hata vidonge vya majani ya chai ya kijani vilivyokolezwa, ambavyo vimewahi kuliunguza ini la mtu aliyekuwa mzima. Kama unatumia kitu, kilete kliniki kwenye chupa yake.

Kufunga saa 16 na kula ndani ya saa 8 tunaulizwa kila siku. Kunasaidia pale kunapopunguza jumla ya chakula. Watu waliolinganishwa, kundi moja likifunga hivyo na jingine likigawa kalori zilezile kutwa nzima, walipata faida inayokaribiana. Chagua utakayoweza kuidumisha.

Na hapa niseme la Ramadhani, maana ni mwezi ambao ini lingeweza kupumzika lakini mara nyingi linachoshwa. Futari ya kwetu ina mihogo ya nazi, tambi za sukari, viazi, kaimati na juisi, vyote saa moja jioni. Fungua kwa tende tatu na maji, kaswali, kisha rudi kwenye supu ya samaki au ya kuku bila ngozi, kunde, na kimoja tu kati ya mihogo, viazi na tambi. Kaimati zibaki za sikukuu. Daku iwe na maharage au mayai, usifunge na chai tamu na mkate mweupe tupu. Njaa itakukamata kabla ya adhuhuri.

Onyo kwa wenye kisukari na presha. Ukianza kula wanga nusu ya uliokuwa ukila huku unaendelea na dozi ileile ya insulini au glibenklamidi, sukari itaporomoka: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Dozi irekebishwe na daktari kabla ya siku ya kwanza, isiwe baada ya kuanguka. Metformini peke yake haina hatari hiyo kubwa. Dawa za presha nazo, uzito ukishuka, zinaweza kuwa nyingi. Ukiona kizunguzungu unaposimama, nenda kapime.

Mazoezi nitayapita haraka kwa sababu mnayajua: dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa kasi ya kukufanya uheme, pamoja na kunyanyua vitu vizito mara mbili. Yanapunguza mafuta ya ini hata mizani isiposhuka, ila peke yake hayafikishi asilimia 10. Dawa pia zipo sasa. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha resmetiromu Machi 2024 na semaglutaidi Agosti 2025 kwa wenye makovu ya kati hadi makubwa ambao ini lao halijasinyaa, na zote ziliidhinishwa zitumike pamoja na chakula na mazoezi.

Utajuaje una makovu? Kuna hesabu ya FIB-4 ambayo haihitaji mashine. Zidisha umri kwa kimeng'enya cha AST. Gawa kwa idadi ya chembe sahani za damu, katika maelfu, ikizidishwa kwa kipeuo cha pili cha kimeng'enya kingine, ALT. Mtu wa miaka 48 mwenye AST 44, chembe sahani 220 na ALT 49: juu ni 2,112; kipeuo cha pili cha 49 ni 7, kwa hiyo chini ni 220 mara 7, yaani 1,540. Jibu ni 1.37. Chini ya 1.3 makovu makubwa si rahisi kuwepo. Juu ya 2.67 mwone daktari wa ini. Katikati, kama huyu, apimwe ugumu wa ini kwa mashine. Wenye zaidi ya miaka 65 wahesabu kuanzia 2.0. Rudieni vipimo vya damu baada ya miezi mitatu hadi sita, na kila wiki, siku ileile asubuhi, pima uzito na kiuno. Futi ya fundi cherehani inatosha. Mwanamke alenge chini ya sentimita 80, mwanamume chini ya 94.

Mtu mmoja asifuate mpango huu wa kalori 1,500 bila daktari: yule ambaye ini limeshasinyaa, hasa akiwa na maji tumboni au miguu imevimba. Kwake hatari ni kudhoofika. Protini yake inapanda hadi gramu 1.2 mpaka 1.5 kwa kila kilo, chumvi inapungua, na asikae na njaa ndefu. Kabla ya kulala ale kitu chenye gramu 50 za wanga, mfano ndizi mbivu mbili ndogo na glasi ya maziwa. Ini la namna hiyo haliwezi kutunza akiba ya glukosi ya kufika asubuhi, na usiku mwili unaanza kubomoa misuli ili kuipata. Akitaka kufunga Ramadhani, ushauri wa daktari wake utangulie.

Mizani miwili ya jikoni, vikombe na unga vipo meza ya nyuma. Anayetaka kupima ugali wake wa leo na aanze, tukiwa tunapokea maswali.